Baba amekatwa kidole cha mguu, kidonda kimefunga. Je, mguu uko salama?

BintiFundi, Tanga

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote. Naomba msaada, hasa kwa wauguzi na wale wenye wagonjwa wa sukari nyumbani.

Baba yangu ni fundi cherehani hapa Tanga. Ana miaka 61, na sukari anayo tangu mimi nasoma sekondari. Mwaka jana alikanyaga kipande cha sindano ya cherehani kilichovunjika na hakusikia chochote. Alishinda nacho, akalala nacho. Tulichokuja kuona sisi ni soksi imelowa, na kidole cha pili cha mguu wa kulia kimevimba hadi ngozi inang'aa. Eksirei ilionyesha kile kipande cha chuma kimelala ndani, na mfupa wa kidole umeshaanza kuliwa. Kidole kikakatwa.

Alhamdulillah kidonda kimefunga, hakuna usaha wala harufu. Siku ya mwisho ya kubadilisha bandeji aliambiwa, "Mzee umepona, endelea na kazi zako." Basi, ikawa mwisho. Hakupewa tarehe ya kurudi kwa ajili ya mguu. Kliniki ya sukari anahudhuria kila mwezi, lakini huko anatobolewa kidole cha mkono, anaandikiwa dawa, anaondoka. Viatu havuliwi.

Yeye mwenyewe anasema ganzi iko pale pale, akitembea anahisi kama anakanyaga godoro. Na jirani yetu mmoja amekuja kumjulia hali akamwambia mbele yetu kwamba aliyekatwa kidole lazima atakatwa mguu, ni suala la muda tu. Tangu siku ile Baba hali chakula vizuri. Usiku namsikia anatembea ukumbini.

Nataka ukweli hata kama ni mchungu. Uwezekano wa kupoteza mguu ni mkubwa kiasi gani? Kwa nini wengine wanabaki na miguu yao na wengine wanakatwa tena na tena? Na cherehani yake ni ya kukanyaga, arudi nayo au aiache?

NesiWaVidonda

Wa alaykum salaam, binti. Mzee mfikishie shikamoo yangu.

Mimi ni muuguzi, na chumba cha vidonda ndiyo kazi yangu ya miaka mingi. Maswali yako natamani kila familia iyaulize siku ile ile kidole kinapokatwa, kabla mgonjwa hajaruhusiwa kwenda nyumbani.

Jirani yenu amekosea kusema "lazima". Lakini na aliyemwambia mzee "umepona" amemwacha njiani. Kilichopona ni kidonda. Vilivyomletea kidonda bado anavyo vyote: sukari, ganzi, na pengine mishipa ya damu iliyobana. Kama angekuwa na hisia miguuni, ile sindano ingemfanya aruke na kupiga kelele, mngeitoa, mngemsafisha, na leo kidole angekuwa nacho.

Umeomba ukweli, nakupa. Huko San Antonio, Texas, watafiti waliwafuatilia wagonjwa wa kisukari 277 waliokatwa kiungo cha mguu kwa mara ya kwanza, wakachapisha matokeo mwaka 2006. Baada ya mwaka 1, karibu 27 katika kila 100 walikuwa wamekatwa tena. Baada ya miaka 3 walifika 48, na baada ya miaka 5 walifika kama 61. Usiishie kwenye namba, soma na maana yake. "Kukatwa tena" hapo ni pamoja na kidole cha jirani, na ni pamoja na mguu wa upande wa pili. Si kwamba watu 61 walipoteza mguu mzima. Na wale karibu 40 ambao hawakuguswa tena kwa miaka yote mitano walikuwa na kisukari kama wenzao. Mzee wetu tunataka aingie kwenye hao.

Kuna namba nyingine ambayo mimi naiona ina faida zaidi kwenu kwa sababu inawaambia mkeshe wapi. Mtu ambaye kidonda chake cha mguu wa kisukari kimefunga, katika watu 100 kama 40 hupata kidonda kingine ndani ya mwaka 1, na kama 65 ndani ya miaka 5. Safari ya kukatwa mguu karibu kila mara huanza na kidonda kidogo ambacho hakikuonekana mapema. Huo mwaka wa kwanza ndio wenye hatari kuliko yote, nao kwa Baba yako ndio huu.

Sasa kwa nini huyu anabaki na mguu na yule anakatwa tena? Ninavyoona mimi, cha kwanza ni damu. Mgonjwa akipanda kitandani kwangu, kabla sijagusa bandeji, naweka vidole viwili kwenye mgongo wa mguu, kwenye ule mfereji unaoshuka kuelekea katikati ya kidole gumba na cha pili, natafuta mapigo. Kisha nyuma ya fundo la ndani la kifundo cha mguu. Nikiyapata yote mawili yanapiga vizuri, roho yangu inatulia kidogo. Nisipoyapata, nachukua kile kifaa kidogo cha kusikiliza mtiririko wa damu, unapaka jeli, unakisogeza taratibu juu ya ngozi. Mshipa mzima unapiga kwa nguvu, sauti inapanda na kushuka. Mshipa uliobana sauti yake ni hafifu, inavuma moja kwa moja bila kupanda na kushuka. Halafu wanapima presha ya kifundo cha mguu na ya mkono, wanagawanya ya mguu kwa ya mkono. Jibu likiwa chini ya 0.9, damu haishuki inavyotakiwa. Kwa wagonjwa wa sukari jibu linaweza kutoka kubwa kupita kawaida, 1.4 au zaidi, kwa sababu mishipa imekuwa migumu na haiminyiki. Hilo nalo si jibu zuri, asije mtu akawaambia yuko salama.

Kwa hiyo swali la kwanza kwenda kuuliza ni hili: je, damu ya mguu wa Baba imepimwa? Kidonda chake kufunga vizuri ni dalili njema kwamba inafika, maana penye damu haba kidonda cha upasuaji hugoma kufunga. Lakini apimwe.

Cha pili ni mahali uzito unapoangukia. Kidole cha pili kikiondoka, kidole gumba hukosa cha kuegemea, nacho huanza kulala kuelekea kwenye pengo. Pale kwenye shina la gumba panatokeza fundo, kiatu kinasugua. Vidole vilivyobaki hujikunja, ncha zake zinagonga chini. Kila mahali panaposuguliwa panaota sugu. Na sugu kwenye mguu wenye ganzi si ulinzi, ni jiwe: inaminya nyama iliyo chini yake kwa kila hatua anayopiga. Ukiona sugu ina doa jeusi au jekundu katikati, hiyo ni damu, na chini yake tayari kuna kidonda. Msiikate kwa wembe. Najua mtaani watu wanakata kwa wembe, na ile dawa ya maji ya kuunguza sugu inauzwa madukani, lakini vyote viwili nimewahudumia walioviponea chupuchupu. Ikatwe na aliyefundishwa.

Miongozo ya kimataifa ya mguu wa kisukari inamweka mtu kama mzee, mwenye ganzi na aliyewahi kukatwa kidole, kwenye kundi la hatari kubwa kuliko yote. Kundi hilo miguu hukaguliwa kila baada ya mwezi 1 hadi miezi 3. Kwa hiyo mwezi ujao akienda kliniki avue viatu mwenyewe, bila kuambiwa, aseme: "Daktari, nimekatwa kidole, naomba uniangalie miguu yote miwili." Ni haki yake.

La mwisho, nalo watu hatupendi kulisema. Waliokatwa kidole au sehemu ya unyayo kwa ajili ya kisukari, karibu nusu wanakuwa wamefariki ndani ya miaka 5, na wengi hawafi kwa mguu, wanakufa kwa moyo. Mishipa inayobana miguuni ndiyo hiyo hiyo iliyoko kifuani na kichwani. Kwa hiyo presha, mafuta kwenye damu, figo, vyote vipimwe, na kama anavuta sigara aache leo. Ukimlinda moyo umemlinda na mguu.

Cherehani nitakujibu, niambie kwanza anakanyaga kwa mguu gani.

MzeeWaLikoni

Bintiyangu, salaam kutoka Mombasa. Niliendesha matatu mpaka nikastaafu. Mguu wangu wa kushoto umebaki na vidole vitatu. Kidogo cha mwisho na cha jirani yake vilikatwa mwaka 2014, na mpaka leo mguu ninao, navuka feri kwa miguu yangu mwenyewe. Msomee babako haya maneno, umwambie yametumwa na mzee mwenziwe.

Mimi nakwambia ninavyofanya. Kila usiku baada ya isha nakaa kwenye kiti, mjukuu wangu anapiga picha unyayo mmoja mmoja kwa simu, na katikati ya vidole. Mimi mwenyewe siwezi kuinama nikaona chini, na macho yashapungua. Picha zinabaki kwenye simu, tukitilia shaka tunalinganisha na ya jana. Kisha naweka mgongo wa mkono kwenye unyayo huu na ule. Mmoja ukiwa na moto kuliko mwenziwe, siku ya pili sitoki, napumzisha mguu, na moto usipoondoka naenda hospitali. Niliambiwa moto huja kabla ya kidonda, na nimeliona kwa macho yangu.

Kiatu siingizi mguu kabla sijaingiza mkono. Nimekuta mawe, nimekuta kifuniko cha soda, siku moja toi la mtoto. Soksi ni nyeupe, kwa sababu nyeupe haifichi damu.

Na ndani ya nyumba sitembei peku hata kwenda chooni. Mke wangu mwanzo alinung'unika viatu ndani, sasa yeye ndiye anayenikumbusha.

MwanaMoro

Pole sana dada. Naandika kwa sababu kwetu mambo yalikwenda tofauti, na naona ni vizuri mzee wako apate kuepuka.

Mama alikatwa kidole gumba. Hakikuwa na usaha kama cha Baba yako, kilikuwa kimekauka, cheusi kama mkaa. Hospitali ya kwanza walikata, kidonda kikakataa kufunga. Tukawa tunasafisha kila siku, kingo zimekaa nyeupe, hakuna nyama nyekundu inayoota. Wakakata tena sehemu ya mbele ya unyayo. Nako hakukufunga. Tulipofika hospitali kubwa wakampima mishipa, wakakuta imeziba kuanzia usawa wa goti kushuka, na maambukizi yameshapanda. Akakatwa chini ya goti.

Kabla ya siku ile hakuna mtu aliyewahi kutuambia kwamba mishipa ya damu ya mguu inapimwa, wala kwamba kuna wagonjwa wanaozibuliwa mishipa kwanza ndipo wanakatwa kidole. Naungana na Nesi: ulizeni habari ya damu. Kidole kikiwa cheusi na kikavu, ulizeni kabla ya kisu.

Mama yuko hai, anatembea kwa mguu bandia, ametengenezewa na akafundishwa kuuvaa. Jumapili anakwenda kanisani mwenyewe. Siandiki ili kumtisha mzee. Sasa tunaulinda mguu wake mmoja uliobaki kwa nguvu zetu zote, maana unabeba kazi ya miwili.

BintiFundi

Sijui niwashukuru vipi. Mzee wa Likoni, nimemsomea Baba maneno yako, amecheka kwa mara ya kwanza tangu jirani aje. Akasema, "Mwambie mimi nina vinne, nimemzidi." MwanaMoro, poleni sana, Mungu ampe Mama nguvu.

Nesi, anakanyaga kwa miguu yote miwili, ile bamba ya chuma yenye matundu, lakini nguvu kubwa anaweka mguu wa kulia, huo huo uliokatwa. Akiwa na kazi za sare za shule anashinda hapo kutwa.

Nina maswali mengine mawili. Anakwenda msikitini vipindi vyote, kwa hiyo anatia udhu mara tano na anavua makubadhi nje. Je, maji mengi hivyo yanamdhuru? Na Mama huwa anamkanda miguu kwa maji ya moto na chumvi usiku kwa ajili ya ule moto na kuchomachoma. Aendelee?

NesiWaVidonda

Maji ya moto yakome leo, binti, mwambie Mama kwa heshima zote. Mkono wa Mama unasikia joto, mguu wa Baba hausikii. Nimepokea watu ngozi ya unyayo imebabuka yote, na beseni liliandaliwa kwa mapenzi. Ule moto anaousikia ni mishipa ya fahamu iliyoharibika, maji hayaifikii. Kuna vidonge vya kutuliza, aombe kliniki. Amwoshe kwa maji ya kawaida, tena ajaribu kwanza kwa kiwiko chake Mama, si kwa mguu wa Baba.

Udhu haumdhuru. Kinachodhuru ni unyevu unaobaki katikati ya vidole, ngozi inakuwa nyeupe, inalainika, inachanika, fangasi wanaingia. Awe na kitambaa kidogo cha pamba mfukoni, kila akimaliza kutia udhu akaushe katikati ya kila kidole, na pale kwenye kovu. Akipaka mafuta, apake unyayo na kisigino, siyo katikati ya vidole. Kwenye kuvua viatu, avue kwenye zulia mlangoni, asikatize uani peku. Saa ya adhuhuri sakafu ya saruji inaunguza, mwenye ganzi anaweza kuvuka uani na malengelenge asijue mpaka jioni. Na makubadhi nayo yana shida yake: hayana kamba nyuma, kwa hiyo vidole vinajikunja kuyashika ili yasitoke. Apate kiatu chepesi cha kufunga, kipana mbele, soli ngumu nje na laini ndani. Mafundi wa viatu tiba wapo, pale Moshi kuna chuo cha TATCOT ambacho kimekuwa kikiwafundisha tangu 1981, na wahitimu wake wako kwenye hospitali nyingi. Awaombe pia kile kijaza pengo laini cha kuweka mahali pa kidole, kizuie gumba lisilale.

Jambo moja hamkuuliza, lakini nyumba nyingi za mjini linahusu: panya. Madaktari wa Dar es Salaam walichapisha mwaka 2005 habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya vidole vya miguu wakiwa wamelala. Mwenye hisia huamka panya anapogusa tu. Mwenye ganzi huamka asubuhi akakuta damu kwenye shuka. Neti ichomekwe vizuri chini ya godoro, na chakula kisilale chumbani.

Sasa cherehani. Bamba ya chuma, mguu uliokatwa, kutwa nzima, hapana. Kukanyaga kule kunaminya sehemu ile ile ya mbele ya unyayo ambapo kidole kilikuwa, maelfu ya mara kwa siku, na kovu bado changa. Lakini sisemi aache ufundi. Mzee akikosa kazi atakosa na hamu ya kula, na dawa atazisahau. Mafundi wengi siku hizi wamefunga mota ya umeme kwenye cherehani zile zile za zamani. Pedali yake inataka kuguswa tu, nayo aiweke upande wa kushoto, akiwa amevaa kiatu na soksi, hata kama ni joto. Kama umeme unasumbua, awe na kijana wa kukanyaga na yeye akate vitambaa na kufunga vifungo akiwa amekaa. Kila baada ya muda ainuke, avue, aangalie.

Na zile sindano. Chukueni sumaku kutoka kwenye spika mbovu, mfunge kamba, kila jioni kabla ya kufagia ipitishwe sakafuni chini ya meza ya kazi. Ya kwetu ofisini tunaitumia kuonyesha wagonjwa, na fundi mmoja aliyeanza kufanya hivyo alituletea kopo la pini na sindano alizookota.

Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, bila kusubiri tarehe ya kliniki, mkiona lolote katika haya: kidonda chochote hata kama ni kidogo kama punje ya mchele, ngozi iliyobadilika ikawa nyekundu, ya zambarau au nyeusi, usaha au harufu, homa, au sukari iliyopanda ghafla bila sababu. Na mguu ukivimba na kuwa na moto bila kidonda na bila maumivu, msidhani ni uchovu na msimkande. Mifupa ya unyayo inaweza kuwa inavunjika ndani kwa ndani. Asiukanyage kabisa, apelekwe, na muwaambie tangu mlangoni kwamba huyu ni mgonjwa wa kisukari na amewahi kukatwa kidole.

BintiFundi

Nimeyaandika yote kwenye daftari lake la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma, maana hilo haliachi. Fundi wa mota anakuja kesho kuangalia kama cherehani yetu inafungika. Kliniki ni wiki ijayo, nitakwenda naye mimi, na viatu nitamvua mimi. Nikipata majibu ya mishipa ya damu nitayaleta hapa, Nesi, unisaidie kuyasoma.